Mkono wa Nani? Michoro ya Njia ya Kilosa na Haki ya Jina

Imekuwa desturi katika mabaraza ya watu wa fasihi kusikia kauli hii: kwamba kukusanya michoro ya kale ya karatasi, kuipekua chini ya kioo na kugombania imetoka mkono wa nani, ni mchezo wa matajiri wa Ulaya waliokosa la kufanya. Mwafrika, husema wenye kauli hiyo, sanaa yake ni ya ulimi na ya ngoma, ni ya ukoo na ya mji mzima; karatasi si yake, na jina la mchoraji halimshughulishi. Kauli hii ina utamu masikioni, maana humsifu msemaji na kumpumzisha kazi kwa wakati mmoja. Lakini haina ukweli. Na kama kuna mahali pa kuupima uongo wake, mahali penyewe ni wilaya ya Kilosa pamoja na mji wake wa Mikumi, ambako karatasi iliwahi kuchukua nchi kabla bunduki haijalia.

Kwanza itazamwe kazi yenyewe inayodharauliwa. Ni kweli kwamba ndani yake mna fedha nyingi na mna upuuzi usiokosa. Mwaka 2012 mchoro mmoja wa Raphael, kichwa cha mtume kijana kilichochorwa kwa chaki nyeusi, uliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 29. Karatasi kama ile, lau ingenasibishwa na mwanafunzi asiyejulikana, isingefikia hata kivuli cha bei hiyo. Basi wenye kubeza husema: tazameni, jina ni bei tu. Wamesema nusu ya habari. Nusu ya pili ni hii: kati ya mwaka 1954 na 1957 mtaalamu Otto Benesch alitoa mijalada sita ya michoro ya Rembrandt, akaorodhesha karatasi zipatazo 1,400. Wataalamu waliofuata wakazipekua moja baada ya moja, na orodha ya Peter Schatborn ya mwaka 2019 ikabakisha takriban nusu yake. Nusu iliyotolewa haikutupwa jaani. Nyingi kati ya karatasi hizo zilirudishiwa wanafunzi wake: huyu Ferdinand Bol, huyu Nicolaes Maes, huyu Samuel van Hoogstraten. Watu waliokuwa wamemezwa na jina la mwalimu wao wakatapikwa wakiwa hai. Kazi hiyo ilishusha bei za watu na kuwapandisha wanafunzi hadhi. Huo si mchezo wa matajiri. Ni hukumu ya kadhi aliyekataa hongo.

Wala njia ya hukumu hiyo si ngeni kwa mpenzi wa ushairi wa pwani. Giovanni Morelli, Mtaliano wa karne ya 19 aliyekuwa amesomea utabibu, alifundisha kwamba anayetaka kuujua mkono wa mchoraji asitazame uso mzuri wala mkao wa fahari, kwa sababu hivyo ndivyo mwigaji anavyovishughulikia kwanza. Atazame ndewe ya sikio na ukucha wa kidole, mahali mkono unapokwenda wenyewe bila ya mwenyewe kuuangalia. Je, mjuzi wa tungo hafanyi vivyo hivyo? Anayeletewa ubeti na kuambiwa ni wa Muyaka hatazami maudhui peke yake. Mapenzi na vita kila mtu ametunga. Hutazama jinsi kina kinavyoangukia, hutazama kama ulimi ni wa Kimvita kweli au ni mnakili aliyegeuza "nti" ikawa "nchi" na "mato" yakawa "macho". Hupima karatasi na wino, huuliza waraka umepita mikononi mwa nani. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipomsaidia William Taylor kukusanya tungo za Mombasa, na William Hichens alipochapisha diwani ya Muyaka Johannesburg mwaka 1940, kazi iliyokuwa ikifanyika ilikuwa hiyo hiyo ya kunasibisha: neno hili la nani, na ushahidi uko wapi. Hakuna mtu wa Mombasa wala wa Unguja aliyewahi kusema kwamba kumtafutia Muyaka haki ya tungo zake ni mchezo wa Wazungu.

Na zaidi ya hayo, watunzi wa tenzi walijua hatari ya kupotea jina kabla ya mkusanyaji yeyote kufika. Ndiyo maana wengi wao walilifunga jina, na pengine tarehe, ndani ya beti za mwisho, wakalishika kwa vina na mizani ili anayelinyofoa auvunje utenzi. Mnakili wa hati naye aghalabu huandika jina lake akimaliza. Lakini yule aliyetia nakshi nyekundu, nyeusi na manjano katika misahafu ya Siyu na Pate mara nyingi hakuandika kitu. Msomaji aliyepata kuiona misahafu hiyo hujua kwamba mkono wake ulikuwa mkono wa bingwa. Basi hata hapa pwani, penye wino wa karne nyingi, neno lilipewa jina na mstari ukanyimwa. Ugonjwa huu haukuja na meli za Ulaya peke yake.

Sasa twende Kilosa. Mwishoni mwa mwaka 1860 msafara wa John Hanning Speke na James Augustus Grant, uliotoka Unguja na kuanza safari ya nchi kavu Bagamoyo, ulipita Usagara ukielekea Kaze, pale Tabora. Uliuvuka uwanda wa Mkata, ambao Wazungu wa siku zile waliuandika Makata, na ambao leo sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Grant alikuwa amepiga picha kwa kamera alipokuwa Unguja, lakini kazi ya kusafisha picha ndani ya hema katika joto ilikuwa ya kuua, akaiacha, akashika kalamu na rangi za maji. Karatasi zake nyingi ziko leo katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi, mjini Edinburgh.

Lakini picha zilizoijia dunia si zile karatasi. Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, jalada la ndani lilieleza kwamba picha zake nyingi zimetokana na michoro ya Grant. Ukizitazama picha zenyewe, unakuta juu ya nyingi jina la J. B. Zwecker, Mjerumani mchoraji wa vitabu aliyefanya kazi London, ambaye hakuwamo katika msafara ule. Baada ya Zwecker akaja fundi wa kukata mbao za chapa, naye akaukata mstari kwa patasi yake. Mikono mitatu, basi, imekaa juu ya picha moja: mkono ulioona, mkono uliopamba na mkono uliokata. Misuli iliyotunishwa, macho yaliyotolewa, vichaka vilivyogeuzwa kuwa kiza kinene, ni ya nani katika hao watatu? Vitabu vya historia vya Afrika Mashariki vimezitumia picha za namna hii vizazi kwa vizazi, aghalabu bila hata jina moja chini yake, kana kwamba nchi ilijichora yenyewe. Mwanafunzi wa skuli hufundishwa kuwa hivi ndivyo babu yake alivyokuwa, ilhali anachokitazama ni dhana ya mtu wa London juu ya mchoro wa askari wa Uskochi.

Hapa ndipo kauli ya "mchezo wa matajiri" inapoleta hasara ya wazi. Kutenganisha mikono hiyo mitatu si kazi ya mtaalamu wa Edinburgh peke yake, kwa sababu yeye anaijua kalamu lakini haujui mlima. Aliyezaliwa Kilosa hahitaji kufundishwa umbo la Rubeho linavyoonekana jua likitua nyuma yake. Aliyekulia Mikumi anajua kwamba katika uwanda wa Mkata milima ya Uluguru hukaa mashariki, na anaujua mkumi, ule mti wa jamii ya mvumo ulioupa mji jina lake, na anajua unasimamaje mahali penye maji na mahali pakavu. Mpe mtu huyo karatasi ya Grant upande mmoja na chapa ya kitabuni upande wa pili, na kabla chai haijapoa atakuonyesha ni kipi kilichoonwa na ni kipi kilichozuliwa. Huo ni ujuzi wa kunasibisha, tena wa daraja la juu. Ila haujapata kuitwa kwa jina hilo, na mwenye nao hajapata kuulizwa.

Ziko karatasi nyingine za Kilosa zilizo nzito kuliko mchoro wowote. Msowero iko katika wilaya hiyo. Tarehe 29 Novemba 1884 Carl Peters alijipatia hapo waraka ambao kila mtoto wa Tanzania aliyesoma historia anaujua kwa jina la mkataba wa Mangungo. Waraka uliandikwa kwa Kijerumani. Ndani yake mtawala wa Msowero anatoa nchi yake yote kwa urafiki wa milele, kwa lugha ya kisheria ya watu wa Berlin. Kwa karatasi kama hiyo na nyingine za Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, Kaiser Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi tarehe 27 Februari 1885. Sayyid Barghash alipolalamika kutoka Unguja, jibu lilikuwa manowari zilizotia nanga mbele ya jumba lake mwezi wa Agosti mwaka huo.

Miaka mingi Mangungo amesimangwa kama mfano wa mjinga aliyeuza nchi, na hadi leo mkataba mbaya wowote husemwa kuwa ni wa Mangungo. Lakini mtu wa karatasi atauliza swali lake la kawaida: haya maneno ni ya mkono wa nani? Aliyeyatunga ni Peters na wenziwe. Lugha ni yao, hoja ni zao, wino ni wao. Waraka ule ni utunzi wa Peters ulionasibishwa na Mangungo. Kama mshairi akitunga matusi na kuyatia jina la jirani yake, baraza litamhukumu nani? Na bado taifa zima limeendelea kumhukumu jirani. Unasibishaji wa uongo ulinyang'anya nchi mara ya kwanza, na ukaendelea kumnyang'anya marehemu heshima yake baada ya nchi kupatikana. Atakayethubutu kusema mbele ya watu wa Msowero kwamba swali la "mkono wa nani" ni mchezo, na aende akaseme.

Tena iko karatasi ya upande wa pili, iliyochorwa na mkono wa Mwafrika mwenyewe. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alikuja Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Nia yake ya kwanza ilikuwa Kondoa Irangi, lakini habari za machafuko ziligeuza safari, akaelekea kusini: Lindi, Masasi, Newala. Huko aligawa karatasi na kalamu za risasi kwa wapagazi wake na kwa wenyeji, akawaambia wachore. Wakachora watu, wanyama, nyumba na safari. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na mwaka uliofuata Alice Werner, ambaye wapenzi wa tenzi wanamjua vyema, akakifasiri kwa Kiingereza. Chini ya michoro hiyo mna majina. Yumo Barnabas, Mmwera wa Lindi. Yumo Salim Matola. Yumo Juma. Na yumo mnyapara wa wapagazi aliyeitwa Pesa Mbili.

Pesa Mbili! Msomaji asilipite jina hili upesi. Mtu huyu alishika kalamu akachora, na karatasi yake ikahifadhiwa na kuchapwa miaka zaidi ya mia iliyopita. Wachoraji wangapi wa Afrika Mashariki wa zama zile wana bahati hiyo? Lakini jina alilopewa mbele ya vizazi ni la utani wa njiani, na utani wenyewe ni bei. Mchoro wa Raphael umepata jina na jina likaleta bei; mnyapara huyu alipewa bei ikawa ndiyo jina. Na michoro yake ikatiwa katika elimu ya makabila, kama ushahidi wa akili ya Mwafrika inavyofikiri, badala ya kuwekwa pamoja na michoro mingine ya wanadamu na kuulizwa maswali yale yale: mstari unaanzia wapi, mguu unapigwaje, nini kimeachwa na kwa nini.

Kilosa haina karatasi kama hizo zinazojulikana, na wabezaji huichukua hali hiyo kuwa ushahidi kwamba bara hapakuwa na wachoraji. Ushahidi gani huo? Michoro ya kusini ipo kwa sababu mtu alifika na karatasi akauliza. Njia ya Kilosa ilipitwa na maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi kila mwaka, watu wa kabila kubwa la njia, na hakuna aliyewagawia kalamu. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakusema kwamba asiyeulizwa hakuwa na jibu.

Hapa lawama irudi pwani, maana polemiki inayowarukia Wazungu na kuwaacha wenyeji ni nusu ya kazi. Wapo watu visiwani na Mombasa watakaopigania kituo kimoja cha ubeti wa Muyaka mpaka alfajiri, lakini ukiwatajia mnyapara aliyechora msafara, watakuuliza: mpagazi naye ni msanii? Ni dharau ya zamani ya mwungwana kwa mtu wa bara, iliyovishwa kanzu ya elimu. Kama jina ni haki, basi ni haki ya Pesa Mbili kama ilivyo haki ya Muyaka. Na kama si haki ya Pesa Mbili, basi na tuache kumlilia Muyaka.

Imebaki hoja ya wale wenye hasira njema. Wao husema: vitu vyote virudishwe kwanza, maswali ya mkono wa nani yatafuata. Tangu Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aende Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa madhila ya wakati wa Maji Maji, hoja hii imepata nguvu, na ina haki ndani yake. Lakini haki isiyo na orodha hudhulumiwa tena. Anayedai bila kujua anadai nini hupewa kilichobaki. Eric Hebborn, Mwingereza aliyekiri katika kitabu chake cha mwaka 1991 kwamba alighushi michoro mingi ya mabingwa wa kale, alitumia karatasi za kale za kweli; macho ya wengi yakaridhika na umri wa karatasi. Alianza kugundulika mwaka 1978, pale Konrad Oberhuber wa Washington alipoona kwamba michoro miwili iliyodaiwa kuwa ya mabingwa wawili mbalimbali imekaa juu ya karatasi ya namna moja. Ikiwa makumbusho makubwa yalidanganywa kwa karatasi kuukuu na wino wa kupikwa, nani atailinda Kilosa siku soko litakapogundua kwamba "mchoro wa njia ya misafara" una mnunuzi?

Basi yatakiwayo si makubwa. Halmashauri, misheni, mashamba ya katani, stesheni za reli na nyumba za wazee katika wilaya ile haziwezi kukosa karatasi: ramani zilizochorwa kwa mkono, vielelezo vya walimu, daftari zilizojaa michoro pembeni. Zisichomwe kwa kisingizio cha kusafisha ofisi. Zisigandishwe kwa utepe wa gundi wala kufungiwa ndani ya plastiki ya moto. Nyuma ya kila karatasi, kwa kalamu ya risasi nyepesi, iandikwe imetoka wapi, imetolewa na nani, mwaka gani, na nani anasemekana kuichora. Na neno "inasemekana" lisifutwe mpaka ushahidi upatikane. Maandishi ya pembeni yasikatwe ili picha ipendeze katika fremu. Nakala za karatasi za Grant na za michoro ya kitabu cha Weule zipelekwe Kilosa na Mikumi, wazee na vijana wazitazame na kusema wanachokiona, na wanachosema kiandikwe pamoja na majina yao. Na kijana anayechora leo tembo na twiga kuwauzia wasafiri wa barabara ya Iringa, atie jina lake kamili, jina alilopewa na wazazi wake, si la utani.

Frits Lugt alikusanya mwaka 1921 kamusi nzima ya mihuri ya wakusanyaji, zile alama ndogo ambazo kila mwenye kumiliki mchoro aliugonga nazo. Ulaya inajua karatasi zake zimelala katika sanduku la nani kwa miaka mia tano. Njia ya Kilosa haijui hata aliyebeba sanduku. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali iliyopotea hapa ni mkono wa mtu, aliyeuona uwanda wa Mkata kwa macho yake na kuuweka juu ya karatasi, au ambaye angeuweka lau angepewa kalamu.